Mkwe Asiyekula Kwangu

Watu wengi watakwambia kwamba kukaa mbali na mwenzako kulianza na Korona. Kwangu kulianza na harusi.

Siku binti yangu alipoolewa na kijana mvuvi, Mbemba wa Kabuta, nilipata mkwe, na papo hapo nikampoteza. Huku kando ya ziwa Mweru, na ng'ambo kwetu Kongo vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawaketi kwenye kivuli kimoja. Nikitokea barabarani, aliiingiza baiskeli yake kwenye mihogo ya watu akangoja nipite. Ikibidi anisalimu, alichuchumaa, akanipa mgongo, akapiga makofi polepole. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi sikuikataa. Ila mgongo wake niliujua kuliko nilivyoujua wa marehemu mume wangu, na uso wake sikuujua kabisa. Watu waliponiambia nimepata mkwe mzuri wa sura, niliwaamini tu.

Tena hakuruhusiwa kula chakula cha mikono yangu mpaka aingizwe, yaani mpaka ifanyike karamu ya kumfungulia mlango wa kwa wakwe zake. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, maana kazi yangu ni kulisha watu. Nusu ya bandari ya Nchelenge imekula bukari yangu, ugali wetu ule wa unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo. Wamekula wachuuzi wa samaki, wapagazi, waendesha baiskeli wanaopeleka samaki bara, hata watu ambao sikupatana nao. Mtu mmoja tu hakuwahi kuionja, naye ndiye aliyenichukulia mwanangu.

Na karamu ile haikufanyika. Kwetu, upande wa baba yangu, mkwe ndiye anayeanza. Analeta mbuzi, au kuku kama mambo ni magumu, ndipo wanawake wanawasha moto. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia, sikuona mbuzi, sikuona kuku, sikuona hata yai. Nikanuna. Sikumuuliza binti yangu, kwa sababu mama mwenye haya haulizii mbuzi wake. Yeye naye hakuniuliza, kwa sababu mke akigusa jambo hilo inakuwa kama anamwombea mumewe chakula. Jirani yangu anayekaanga vitumbua, Mbemba wa hapa hapa, angeweza kunishauri, lakini mambo ya ukwe sikupenda kuyatandaza sokoni. Hasira zangu nikawa nazimalizia kwenye sufuria, na bukari inapenda mkono wenye hasira, inatoka laini.

Sasa nieleze kwa nini banda lile lilikuwa roho yangu. Mimi na binti yangu tulivuka ziwa wakati bunduki zilipoanza kulia kwetu. Tulipokelewa, tukapelekwa kambini, tukapewa kiwanja na jembe. Watu wa kambini ni watu wazuri na udongo wao ni mzuri, lakini mimi nilizaliwa mjini, nikakulia jikoni. Mimi na jembe tuliishi pamoja msimu mmoja, tukaachana kwa amani. Nikaomba kukaa mjini. Mkimbizi anaruhusiwa, ila anatakiwa kuonyesha kwamba ana kazi inayomlisha, na kibali kikiisha anaonyesha tena. Kazi yangu ilikuwa lile banda la mabati karibu na bandari, lenye mabenchi matatu na jiko la mawe. Sisi Wakongo tunaliita malewa. Banda likisimama, mimi ni mtu wa mjini. Banda likifa, jembe linanisubiri.

Korona ilifika kwetu kwa redio kwanza, tukaicheka. Kisha mpaka wa majini ukafungwa, na wachuuzi wa ng'ambo, ambao ndio walikuwa wateja wangu wakubwa, wakaacha kuja. Kisha watu wa afya wakapita bandarini wakasema ni marufuku kuketi pamoja na kula. Mabenchi yangu nikayapindua miguu juu. Kanisa nalo likafungwa, kwa hiyo hata Jumapili sikuwa na mahali pa kwenda kumlalamikia Mungu nikiwa nimevaa vizuri.

Walituruhusu kuuza chakula cha kubeba. Jirani yangu hakupata tabu, kwa sababu kitumbua kimeumbwa kwa safari. Bukari haikuumbwa hivyo. Ukiitia kwenye mfuko wa plastiki inatoka jasho, ikipoa inakuwa ya kufundishia watoto adabu. Na hata ikiwa ya moto, nani anakula bukari peke yake, amesimama, kama mwizi? Bukari inataka sahani moja, mikono mingi, na maneno. Mpagazi mmoja alinunua mfuko, akaenda nao nyuma ya maghala, akarudi kuniambia kwamba chakula ni kizuri lakini amejisikia yatima. Baada ya siku chache hakurudi, wala wenzake.

Katikati ya hayo akaja afisa anayeshughulika na sisi wakimbizi. Alikuwa mtu mpole, aliyekulia pwani hii hii ya ziwa, akisikia Kiswahili chetu cha biashara vizuri. Aliangalia mabenchi yaliyolala chali, akaangalia moto wangu mdogo, akashika kidevu juu ya barakoa. Akaniambia kibali changu kinakaribia kuisha. Atarudi mvua zikikatika. Akikuta kazi inakwenda, vizuri. Akikuta hakuna kazi, basi kwa usalama wangu mwenyewe ni afadhali nirudi kambini, kuna shamba na kuna mgao. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana niliogopa. Mtu mkali unaweza kugombana naye.

Aliyepata wazo ni binti yangu. Alisema ziwa halikufungwa kwa wavuvi wa upande huu. Kwenye vibanda vya wavuvi, kwenye ile njia ya kwenda Kabuta, watu bado wanashusha nyavu, wana njaa, na wake zao wako mbali. Watu wa mtumbwi mmoja wanashinda pamoja na kulala pamoja. Hao hawana mita ya kuachiana, wanaweza kula sahani moja bila kuvunja amri ya mtu. Basi badala ya kumngoja mlaji, sufuria imfuate. Nikamuuliza itafuata kwa miguu gani. Akatazama pembeni, akasema mume wake ana baiskeli yenye kibebeo kikubwa cha samaki.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu zangu, na zote zilikuwa na pembe na ndevu za mbuzi. Lakini kambi nilikuwa naijua. Nikasema aje.

Akaja asubuhi iliyofuata, au tuseme mgongo wake ulikuja. Tukaanza kazi bila kuonana. Nilitundika gunia mlangoni mwa banda likawa pazia. Nikimaliza kupika, nilifunga sufuria kwa blanketi kuukuu ili moto usitoke, nikaiweka juu ya benchi lililopinduliwa, katikati ya miguu yake, nikarudi nyuma ya gunia, nikakohoa. Yeye alikuja, akachuchumaa, akapiga makofi, akafunga sufuria kwenye baiskeli, akaondoka. Mkono wake haukugusa wangu hata siku moja.

Taabu ilikuwa maagizo. Hatukuweza kuongea, na binti yangu hakuwa hapo kila wakati. Dawa yake wazee waliijua zamani, nayo ni kuongea na kitu kingine. Mimi nikaanza kuongea na sufuria. Yeye akaongea na baiskeli, ambayo huku tunaiita kinga.

"We sufuria," nilisema siku moja nikiwa nyuma ya gunia, "uambie bale batu ba kibanda ya mwisho barudishe kifuniko. Kifuniko iko yangu, haiko ya ziwa."

Nikasikia sauti yake, nzito na ya adabu. "We kinga, uambie sufuria kifuniko itakuya kesho. Batoto beko banaipiga ngoma."

Ndivyo tulivyofanya biashara. Sufuria iliuliza kama sombe, yale majani ya muhogo, ilitosha, baiskeli ikajibu kwamba wale watu wakubwa wa kibanda cha pili walikomba mpaka weusi wa chini. Sufuria ikasema leo samaki ni wadogo, baiskeli ikaahidi kuleta wale samaki wanaoitwa pale, wanono, kutoka kwenye mtumbwi wa kaka yake. Na kweli wakaletwa, wakawekwa kwenye benchi, kukakoholewa. Ndani ya muda si mrefu nikawa napika sufuria tatu, na jirani yangu alianza kutuma vitumbua vyake pamoja nasi.

Siku moja watu wa afya walirudi bandarini kufundisha habari ya kuachiana nafasi. Walikuwa na fimbo ya kupimia na sauti zimewakauka, kwa sababu bandari nzima ilikuwa inasongamana kwenye mzani wa samaki kama kawaida. Wakafika kwangu wakati mkwe amekuja kuchukua sufuria. Walisimama wakatazama. Nilikohoa, akaja, akachuchumaa, akapiga makofi, akachukua, akaondoka nyuma nyuma, na mimi nikatoka tu alipokuwa amefika barabarani. Kiongozi wao karibu alie kwa furaha. Akawaita wachuuzi wote waje kutazama mama mkimbizi alivyoelewa somo. Jirani yangu akacheka mpaka akaunguza vitumbua, akawaambia lile si somo, ule ni ukwe.

Yule kiongozi hakuwa mjinga. Tangu siku ile aliacha mambo ya mita, akawa anasema kwa kipaza sauti kwamba kila mtu amhesabu mwenzake ni mama mkwe wake. Bandari ikaelewa mara moja. Wanaume wazima wakawa wanakwepana kwa heshima kwenye mzani. Wapagazi wakichokozana walichuchumaliana na kupigiana makofi. Mimi nikawa maarufu, watu wakinionyesha kwa kidole kutoka mbali, kama inavyostahili.

Lakini kitu kimoja kiliniuma, na nilikitazama kila siku kupitia tundu la gunia. Mkwe wangu akimaliza kufunga sufuria zangu, alitoa mfukoni kipande cha muhogo wa kuchoma, mkavu, akautafuna amesimama pale pale, kando ya bukari ya moto na samaki wa mchuzi. Mvuke ulimpanda mgongoni na yeye anatafuna muhogo. Niliuita ule kiburi. Nilijisemea kijana huyu anaona afadhali ateseke kuliko kuleta mbuzi. Siku moja niliiambia sufuria kwamba kuna watu wana shingo ngumu kuliko ya ng'ombe. Baiskeli ikaondoka na mzigo wake.

Mvua zikakatika, afisa akarudi.

Alikuja saa mbaya. Sufuria zote zilikuwa zimeondoka, moto nilikuwa nimeuzima ili kuokoa kuni, mabenchi yako miguu juu, banda limefagiliwa safi. Ukilitazama lile banda ungesema mwenyewe amehama. Nikaanza kumweleza habari ya vibanda vya wavuvi na baiskeli, lakini nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyofanana na ya mtu anayetunga. Jirani yangu akaitikia kila neno kwa nguvu, na hilo likaharibu zaidi, maana lilionekana tumepanga. Afisa alitikisa kichwa taratibu. Nikaanza kuhesabu vitu vya kufunga, na jembe nikaliona waziwazi, mpini wake na kila kitu.

Hapo mkwe akatokea barabarani na sufuria tupu. Nikakimbilia nyuma ya gunia. Afisa akamsimamisha, akamuuliza kama ni kweli anabeba chakula cha mama huyu. Akasema ni kweli. Afisa akamuuliza, kwa kutaka tu kuthibitisha, chakula chenyewe kikoje.

"Sijui," akasema mkwe wangu. "Sikulaka."

Nilishika nguzo ya banda. Mtu anayebeba chakula changu kila siku, mbele ya afisa wa serikali, anasema hakijui. Afisa akauliza inakuwaje mtu abebe chakula miezi yote hiyo na asile. Kisha nikamsikia mkwe akigeuka na kuegemea baiskeli yake, na alipoanza kusema hakusema na afisa.

"We kinga, uambie mukubwa. Chakula ya bamayo niko nabeba tangu Korona ilikuya. Kila siku harufu yake inanipanda ku mugongo mpaka kule. Sikulaka juu bamayo habayaniita. Nilifikiri pengine habanione mutu wa kuingiza mu nyumba. Basi, niko nangojea. Sasa mukibarudisha ku kambi, nani ataniita?"

Bamayo ndivyo Wabemba wanavyomwita mama kwa heshima. Hakuwahi kuniita hivyo, wala kuniita chochote. Nikiwa nyuma ya gunia machozi yalinitoka, na kwa kuwa mimi ni mimi, hasira zilitoka nayo pamoja.

"We sufuria," nikasema kwa sauti ya kufika bandarini, "uulize kinga. Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi gani?" akasema, na safari hii alisahau baiskeli.

Jirani yangu akaweka chini mwiko wake, akashika kiuno. Akatuambia, mmoja mbele ya gunia na mwingine nyuma yake, kwamba hajapata kuona watu wa ajabu namna hii. Kwao Wabemba, mama wa mke ndiye anayeanza. Akiridhika na mkwe anapika, anamwita, na mkwe haji mpaka aitwe, kwa sababu kujileta mwenyewe ni utovu wa adabu. Kwetu sisi ni mbuzi kwanza. Basi muda wote ule mimi nilikuwa namngojea yeye, na yeye ananingojea mimi, kila mmoja anamwona mwenzake ana kiburi, na bukari inapita katikati yetu kila asubuhi. Kuuliza si ujinga, akasema, lakini nyinyi wawili mmejaribu mengine yote.

Afisa alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, akakumbuka mabenchi yako miguu juu, akasimama hivyo hivyo. Akafungua sufuria moja moja, akatazama zilivyokwanguliwa, akasema kwake huo ni ushahidi wa kutosha kwamba kuna kazi na kuna walaji. Nitakaa mjini. Halafu, akiwa anaondoka, alisema na mkwe wangu kwa sauti ya chini, lakini gunia halizuii sauti. Alimwambia asichoke kungoja.

Sikumchosha. Kwa kawaida karamu ile inataka ukoo mzima, ngoma, nyimbo, na wanawake wa kumtania mkwe mpaka ajute kuoa. Mikusanyiko ilikuwa bado imekatazwa, kwa hiyo tulikuwa wanne tu kwenye ua wangu, mimi, binti yangu, mume wake, na jirani yangu akiwa ndiye ukoo wangu wote. Nilipika kuku, nikapika pale wa mchuzi, sombe, na bukari niliyoisonga bila hasira hata kidogo, na bado ilitoka laini. Nikamtuma jirani akamwite kwa jina langu, kama inavyotakiwa kwao. Akaja na mbuzi amefungwa kwenye kibebeo cha baiskeli, kama inavyotakiwa kwetu, analalamika njia nzima. Mbuzi, si mkwe.

Jirani yangu alisema maneno yanayosemwa, akatuambia sasa tunaweza kutazamana. Nikainua macho, na kijana alikuwa amevaa barakoa. Nilimngoja muda wote ule, nikapewa macho na paji la uso. Binti yangu akacheka, akamwambia mtu haingii kwa wakwe akala kupitia kitambaa. Akaivua. Ana mwanya. Ana uso mpole kuliko mgongo wake, na kidevu cha mtoto ambaye ndevu zimemkataa, na alikuwa anaogopa.

Akanawa, akamega tonge, akachovya, akala. Sikumwangalia akila, nilimwangalia mbuzi. Alikula tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe. Nikadhani atapiga makofi, anipe mgongo, aende zake. Badala yake aliisukuma sahani mbele kidogo, akanitazama usoni, na hakukuwa na baiskeli karibu.

"Bamayo," akasema, "muniongeze."

Nikainuka haraka kutafuta kijiko cha kupakulia. Nilitafuta jikoni, nikatafuta chini ya benchi, nikamgombeza binti yangu kwamba anahamisha vitu vyangu, na wote watatu wakaniacha nitafute, nikiwa nimekishika mkononi.